Swali Linalouliza Kama Linajibika: Fani ya GMAT Ikisomwa Mkuyuni

Tuanze na matini yenyewe.

Mfanyabiashara alinunua mikungu ya ndizi Mkuyuni, akaisafirisha hadi Morogoro mjini na kuiuza yote. Mbali na bei ya kununulia, alilipa nauli na ushuru tu. Je, alipata faida?

(1) Kila mkungu aliuuza kwa bei iliyozidi bei ya kununulia kwa asilimia 40.
(2) Nauli na ushuru vilifika shilingi 1,500 kwa kila mkungu.

Maneno haya nimeyatunga mimi, lakini umbo lake ni la GMAT, mtihani ambao shule nyingi za biashara duniani huutumia kupima waombaji wa shahada ya uzamili. Umbo hili linajulikana kama utoshelevu wa data. Mtahiniwa haulizwi faida ilikuwa shilingi ngapi. Anaulizwa kama maelezo aliyopewa yanatosha kulijibu swali, na kama yanatosha, ni yapi. Machaguo ni matano na hayabadiliki kamwe: maelezo ya kwanza peke yake yanatosha, ya pili peke yake yanatosha, yanatosha yakiunganishwa tu, kila moja peke yake linatosha, au hata yakiunganishwa hayatoshi.

Mfanyakazi anayejiandaa na mtihani huu jioni, baada ya kufunga hesabu za ofisi au kusahihisha madaftari ya wanafunzi, kwa kawaida huuona kama rundo la hesabu na Kiingereza. Mimi nataka tuusome kama tulivyofundishwa kusoma tamthilia au shairi: fani kwanza, kisha maudhui, na mwishoni kufaulu na kutofaulu kwa mtunzi. Naamini kwamba fundisho kubwa la GMAT limo katika umbo la maswali yake kuliko katika hesabu zilizomo. Umbo hilo linamfunza msomaji kutenganisha anachokijua, asichokijua na anachodhani anakijua. Lakini umbo hilohilo linakoma pale kazi ya mfanyabiashara inapoanza, na hapo mtu wa Mkuyuni ana la kuliongezea.

Historia yake kwanza. Mwaka 1953 shule tisa za biashara za Marekani zilikubaliana na taasisi ya mitihani ya ETS kutunga mtihani mmoja wa kuingilia masomo ya uzamili, na mtihani huo ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1954. Jina la GMAT lilikuja mwaka 1976. Mwaka 1997 ulihamia kwenye kompyuta, na tangu hapo swali linalofuata huchaguliwa kwa kuzingatia ulivyojibu yaliyotangulia. Mwaka 2020 ulianza kufanyika pia nyumbani kwa njia ya intaneti. Toleo la sasa lilizinduliwa Novemba 2023. Lina sehemu tatu, kila moja dakika 45: maswali 21 ya hesabu, 23 ya lugha na hoja, na 20 ya uchambuzi wa data, ambako utoshelevu wa data umewekwa. Insha imeondolewa. Jometri imeondolewa. Maswali ya kusahihisha sarufi ya sentensi za Kiingereza nayo yameondolewa. Kwa msomaji aliyelelewa kwa Kiluguru, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, badiliko hilo la mwisho lina uzito: mtihani bado ni wa Kiingereza, lakini unazidi kupima namna mtu anavyofikiri na kupunguza kupima ufasaha wa lugha yenyewe.

Sasa turudi kwenye mikungu yetu. Chukua maelezo ya kwanza peke yake. Asilimia 40 inavutia, lakini hatujui nauli na ushuru vilikula kiasi gani. Hayatoshi. Chukua ya pili peke yake: tunajua gharama ya njiani, hatujui kilichopatikana sokoni. Hayatoshi. Yaunganishe. Mkungu ulionunuliwa kwa shilingi 5,000 unaleta ziada ya 2,000. Toa 1,500, inabaki faida ya 500. Mkungu ulionunuliwa kwa shilingi 3,000 unaleta ziada ya 1,200. Toa 1,500, ni hasara ya 300. Maelezo yaleyale yanaruhusu faida na yanaruhusu hasara. Jibu ni chaguo la tano: hayatoshi.

Badilisha maelezo ya pili tu. Badala ya shilingi 1,500, andika kwamba nauli na ushuru vilikuwa asilimia 25 ya bei ya kununulia. Sasa maelezo mawili yakiunganishwa yanatosha kabisa. Ziada ni asilimia 40, gharama asilimia 25, faida asilimia 15, mkungu uwe wa bei yoyote. Jibu limehama hadi chaguo la tatu, na hatujui hata shilingi moja ya biashara ile.

Hapa ndipo ufundi wa fani unapoonekana, na hili ndilo jambo la kwanza. Shilingi 1,500 inaonekana nzito. Ni fedha halisi, inashikika, na mtu wa sokoni anaiamini. Asilimia inaonekana nyepesi, jambo la kwenye karatasi. Umbo linaupindua uzito huo bila kusema neno. Linamwonyesha msomaji kwamba thamani ya taarifa haipimwi kwa wingi wake wala kwa ukaribu wake na mfuko, bali kwa uhusiano wake na swali lililoulizwa. Mhasibu wa chama cha ushirika anayeandaa taarifa ya mwaka kwa wanachama anaijua hali hiyo: kurasa zilizojaa tarakimu ambazo hazijibu swali hata moja la mwanachama aliyesimama nyuma ya ukumbi.

Jambo la pili katika muundo ni uthabiti wa machaguo. Kama vile mshairi wa tarbia anavyojua kabla ya kuanza kwamba ubeti una mishororo minne, ndivyo mtahiniwa anavyojua kabla ya kusoma swali kwamba majibu ni yaleyale matano. Uthabiti huo una faida ya kifundi. Hukumu ya kwanza, ile ya maelezo namba moja, inagawa machaguo papo hapo. Maelezo hayo yakitosha, yamebaki machaguo mawili tu: la kwanza na la nne. Yasipotosha, yamebaki matatu: la pili, la tatu na la tano. Msomaji aliyelijua umbo hapotezi nguvu kusoma machaguo upya. Nguvu zake zote zinakwenda kwenye sentensi mbili. Kwa mtu aliyetoka kazini amechoka, huo si msaada mdogo.

Jambo la tatu ndilo linalonishangaza zaidi kama msomaji wa fasihi. Kazi zote za masimulizi tunazozijua zinatudai kukumbuka. Msomaji wa riwaya asiyekumbuka sura ya kwanza hataielewa ya kumi. Swali la utoshelevu wa data linadai kinyume: unapoyapima maelezo ya pili, lazima uyaweke kando ya kwanza kana kwamba hukuwahi kuyasoma. Kisha, ukiona kila moja limeshindwa peke yake, unatakiwa uyarudishe yote mawili kwa pamoja. Kuweka kando kwa makusudi, kisha kukumbuka kwa makusudi: sijui umbo jingine la maandishi linaloiendesha akili ya msomaji namna hii. Na hapo ndipo wengi wanapoangukia. Asilimia 40 uliyoisoma kwenye mstari wa juu inajipenyeza chini, nawe unasema maelezo ya pili yanatosha, kumbe yanatosha kwa sababu umeyakopesha ya kwanza.

Jambo la nne ni nafasi ya neno «hapana». Tuseme maelezo ya kwanza yangesomeka hivi: kila mkungu aliuuza kwa bei iliyo chini ya bei ya kununulia. Hapo tunajua kwa yakini kwamba hakupata faida. Maelezo hayo yanatosha, kwa sababu swali lilikuwa «Je, alipata faida?» na jibu lake la uhakika ni hapana. Msomaji mgeni huchanganya «hapana» na «haijulikani», akaandika kwamba hayatoshi. Umbo linamkatalia. Hapana yenye uhakika ni maarifa kamili, sawa na ndiyo. Asiyejua ni yule tu ambaye bado ana njia mbili mbele yake. Ningependa kila kikao cha mikopo katika vyama vyetu vya akiba kiyashike maneno haya mawili mbali mbali. Mkopaji anayejulikana kwamba hawezi kulipa si sawa na mkopaji ambaye hatujamuuliza. Wa kwanza tumeshamjua. Wa pili ni uzembe wetu.

Tukiutafutia umbo hili jamaa katika fasihi yetu, wa kwanza kukumbukwa ni kitendawili. Nacho ni kifupi, nacho kina fumbo lenye sura isiyobadilika, nacho kinampima msikilizaji kwa kificho. Lakini kitendawili ni majadiliano. Mtegaji anasema «Kitendawili!», hadhira inasema «Tega!», na hadhira ikishindwa mtegaji anaomba mji, anapewa, anatembea kwa maneno, kisha anatoa jibu. Kushindwa kumewekewa nafasi ndani ya fani, tena nafasi yenye heshima. GMAT haina mji. Swali lililoachwa bila kujibiwa linapunguza alama, na wastani wa muda ni kama dakika mbili kwa swali. Hadi toleo la sasa lilipokuja, mtahiniwa wa kompyuta hakuweza hata kurudi nyuma. Sasa anaruhusiwa kubadilisha majibu matatu tu katika kila sehemu. Ni matini inayosomwa kwenda mbele, na kurejea kwake kumehesabiwa.

Kwa msomaji wa Tanzania kuna ugeni mwingine. Tumekulia kwenye mtihani wa Hisabati wa Kidato cha Nne, ambao humtaka mwanafunzi aonyeshe njia yake yote. Njia ni sehemu ya jibu. Ukikosea tarakimu ya mwisho, mwalimu anaweza bado kuona ulikuwa unaelekea wapi. GMAT haioni njia. Inaona chaguo. Kwa hiyo anayejiandaa lazima aipeleke njia mahali pengine, yaani kwenye daftari lake. Na hapa ushauri wa uhakiki na ushauri wa maandalizi ni kitu kimoja. Mfanyakazi mwenye saa moja ya jioni apitie maswali machache, ayasome mpaka aweze kueleza kwa maneno yake kwa nini kila chaguo lililokataliwa linakataliwa, na aandike kosa kwa jina la kifani: nimekopesha maelezo ya pili, nimechukua hapana kuwa sijui, nimeiamini shilingi kwa sababu ni shilingi. Maswali mia yaliyojibiwa haraka bila kusomwa namna hiyo yanamrudishia makosa yaleyale usiku wa kesho. Kasi ifuate baadaye, umbo likishamkaa kichwani.

Fani ya pili inayostahili kusomwa kwa ukaribu ni ile ya kutathmini hoja, iliyo katika sehemu ya lugha. Natunga mfano tena. Tangu barabara ya kwenda mlimani ilipotengenezwa, idadi ya magari ya ndizi yanayofika sokoni mjini imeongezeka. Kwa hiyo wakulima wa mlimani sasa wanapata kipato kikubwa kuliko zamani. Hoja hii imesimama juu ya dhana gani?

Sentensi ni mbili, na kati yake kuna shimo. Ya kwanza inazungumzia magari, ya pili inazungumzia kipato, na kinachotoka kwenye gari hadi kwenye mfuko wa mkulima hakikusemwa. Machaguo matano yatashindana kuliziba shimo hilo. Moja litasema wakulima wote wa mlimani wanalima ndizi. Hilo linavuka mipaka, kwa kuwa hoja haikuhitaji wote. Jingine litasema barabara imetengenezwa kwa ubora. Huenda ni kweli, lakini haligusi kipato. La tatu litasema kipato cha wakulima ndicho kilichosababisha barabara kutengenezwa. Hilo limegeuza chanzo kuwa matokeo. La nne litasema wachuuzi wa mjini wanafurahia barabara hiyo; limebadilisha mhusika. La tano litasema bei anayolipwa mkulima haikushuka kiasi cha kufuta ongezeko la mauzo. Hilo ndilo lenyewe. Likanushe, hoja yote inaanguka, kwa maana ndizi zikifurika sokoni bei hushuka na magari mengi yanaweza kuleta fedha kidogo.

Angalia jinsi machaguo mabaya yalivyotungwa. Hayakuokotwa ovyo. Kila moja ni picha ya msomaji wa aina fulani: mwenye haraka ya kujumlisha, mwenye kupenda ukweli usiohusika, mwenye kugeuza sababu na matokeo, mwenye kuhama mada. Mtunzi amewajua wasomaji wake kabla hawajaketi. Katika tamthilia tungesema wahusika wa swali hili hawamo kwenye kisa. Wamo kwenye machaguo, na wahusika hao ni sisi.

Wahusika wa kisa chenyewe, kwa upande mwingine, ni wembamba kupindukia, na hapa naanza kuzungumzia kutofaulu kwa mtunzi. Mfanyabiashara wa GMAT hana jina, hana ukoo, hana jana. Mandhari yake ni bei na wingi. Msimulizi wake hana shaka na halaumiwi kwa lolote: maelezo yote ni kweli kwa sababu yameandikwa, na kanuni ya umbo ni kwamba maelezo mawili hayapingani kamwe. Wembamba huo unahitajika ili swali lisomeke kwa dakika mbili. Lakini msomaji wa Mkuyuni, kwenye mteremko wa mashariki wa Uluguru, kando ya barabara itokayo Bigwa kwenda Matombo, hawezi kukosa kuona kilichofyekwa. Mkungu wa ndizi hapa una mwenyewe. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba amekuwa na sauti kubwa juu ya ardhi ya ukoo. Bei ambayo mtu anamuuzia jamaa si lazima iwe bei anayomuuzia mgeni. Masika yakishika njia za mlimani, nauli ya jana si ya leo. Ndizi zikichelewa njiani huiva na kupondeka. Na maelezo mawili yanapingana kila siku: dereva anasema bei mjini iko juu, aliyerudi asubuhi anasema imeshuka.

Mfanyakazi wa hapa anapoingia kwenye mtihani na ujuzi huu wote, ujuzi humponza. Anaona shilingi 1,500 na moyoni anajua mkungu mzuri huuzwa kiasi gani, basi anajaza pengo kwa kumbukumbu ya soko, na anakosa. Shurti aelewe kwamba ameingia katika ulimwengu wa kubuni wenye sheria zake, kama anavyoingia katika hekaya ambamo sungura anasema. Hatuiulizi hekaya sungura alijifunza wapi kusema. Ndani ya mtihani tusiulize masika.

Nje ya mtihani tuulize. Chaguo la tano, «hata yakiunganishwa hayatoshi», ndilo jibu sahihi kabisa kwa swali letu la kwanza, na mtahiniwa anayelichagua anapata alama na kusonga mbele. Mchuuzi anayefikia hukumu hiyohiyo saa kumi na moja alfajiri, gari likinguruma kando ya barabara, hajapata alama yoyote. Kwake hayo ndiyo maelezo ya hali ya kawaida. Lazima apakie au asipakie. Umbo la GMAT limemfundisha kutambua kwa ukweli kwamba hajui, na hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa hasara nyingi huanzia kwa mtu asiyejua akidhani anajua. Lakini halikumfundisha hatua inayofuata: katika yale asiyoyajua, lipi lingetosha, nani analijua, na kulipata kutamgharimu nini kabla gari halijaondoka.

Mwaka uleule wa 1953, shule tisa za Marekani zilipokuwa zikikubaliana juu ya mtihani wao, chini ya milima hiihii, upande wa magharibi, Mzumbe ilikuwa inaanza kama shule ya serikali za mitaa, ikiwafundisha machifu na watumishi wa tawala za wenyeji. Ikawa chuo cha uongozi wa maendeleo mwaka 1972, na chuo kikuu mwaka 2001. Njia mbili hizo zilijibu swali moja kwa namna tofauti: tutamjuaje na tutamwandaaje mtu wa kusimamia mali ya wengine? Moja ilitunga umbo safi linaloweza kusomwa popote duniani. Nyingine ilianzia kwa watu ambao tayari walikuwa na kazi na mahali pa kuifanyia. Hadi leo vyuo vyetu vingi humpokea mwombaji wa uzamili kwa kuangalia zaidi matokeo ya shahada ya kwanza, na GMAT hubaki kuwa safari ya wale wanaoomba nje ya nchi, wakilipa ada ya zaidi ya dola 200 kwa mshahara wa shilingi.

Sioni sababu ya umbo hili zuri kubaki mali ya wanaosafiri tu. Walimu wa biashara wa Mzumbe na wa vyuo vingine wanaweza kulichukua swali la utoshelevu wa data, walitunge kwa Kiswahili, kwa mikungu, kwa viungo vya mlimani, kwa hisa za vyama vya akiba, na waliongezee sehemu ya pili ambayo GMAT haina. Mtahiniwa akichagua la tano, aandike mstari mmoja: taarifa gani moja ingetosha, na angeipata kwa nani. Kwa swali letu jibu ni fupi: bei ya kununulia kila mkungu, na anayeijua ni mkulima aliyeuuza. Mstari huo ungeonekana na msahihishaji, ungerudisha njia ndani ya jibu, na ungempa alama mtu ambaye kazi yake imemfundisha nani wa kuulizwa. Anayejiandaa sasa hivi na mtihani wa nje asiusubiri mtaala. Kila anapofikia chaguo la tano, auandike mstari huo kwenye daftari lake. Mtihani hautamlipa kwa hilo. Kazi yake itamlipa.